Ile video yako ya Wilson

Mombasa, Jumapili jioni

Kwako Baraka,

Salamu nyingi. Video yako ukitua kwenye simuleta (mchezo wetu wa kompyuta wa kurusha ndege), pale uwanja wa ndege wa Wilson, Nairobi, nimeitazama mara nne, na kila mara nacheka kabla sijaihurumia hiyo ndege ndogo, Cessna 172. Umeidundisha mara tatu kama mpira! Lakini kosa halikuanzia kwenye lami. Nilisimamisha picha ukiwa umebakiza futi 300 hivi, mshale wa mwendo unasoma 85. Flapsi (vile vibao vya nyuma ya mabawa) zikishushwa zote, ndege hiyo inataka kama noti 65 (za mwendo, si za benki). Ukija na hizo 20 za ziada, mabawa bado yana nguvu ya kuibeba. Ukiilazimisha kukaa, inaruka.

Wilson hata mimi ilinitesa. Huku nimezoea uwanja ulio kama futi 200 juu ya bahari; huko kwenu ni karibu 5,500, hewa nyepesi, kwa hiyo mshale ukisoma 65 na upepo umetulia, ardhi inapita kwa noti 71 au 72. Utadhani unakimbia mno. Usibabaike, fuata mshale. Halafu zidisha huo mwendo wa ardhini kwa 5: 72 mara 5 ni 360, ndizo futi za kushuka kila dakika.

Ukishavuka mwanzo wa njia ya kutulia, acha kukodolea pale unapotaka kugusa. Tupa macho kule mwisho. Rubani wa kweli anahisi kushuka kwenye kiti chake. Sisi wa simuleta kiti ni cha plastiki, hakisemi kitu. Kingo za njia zikianza kupanuka haraka pande zote, punguza gesi hadi mwisho, vuta kidogo kidogo, kisha fanya kama unaizuia isitue. Itatua yenyewe, magurudumu ya nyuma kwanza.

Kilichoniuma zaidi ni baada ya mdundo wa kwanza: ulisukuma pua chini! Hivyo ndivyo gurudumu la mbele linavyovunjika. Ikidunda kidogo, shikilia pua ilivyo, ingoje. Ikidunda sana, tia nguvu zote, pandisha flapsi hatua kwa hatua, kazunguke upya. Hakuna abiria wa kukuzomea.

Kesho jaribu njia ya 07 (ndiyo namba yake pale Wilson), upepo uuzime kwanza.

Msalimie shemeji. Mwambie kile king'ora cha kuonya kuwa mabawa yanaishiwa nguvu ya kubeba, kinachomwamsha usiku, kikilia magurudumu yakiwa inchi chache tu juu ya lami, basi mumewe ameanza kujua kutua.

Wako,
Salim