Wimbo una mwenyewe

Mhariri,

Mwandishi wa safu yenu ya muziki, Jumapili iliyopita, kammaliza Gerry Rafferty kwa sentensi mbili: Mskoti aliyebahatika na wimbo mmoja, "Baker Street", na bahati yenyewe kaletewa na mpuliza saksafoni. Mimi nimepuliza saksafoni kwenye bendi za harusi miaka 26, na ule mstari wa saksafoni wa "Baker Street" nimeupiga mpaka midomo ikafa ganzi. Naomba nimtetee mwenye wimbo.

Rafferty alizaliwa Paisley mwaka 1947. Alipiga na Billy Connolly katika kundi la Humblebums (ndiyo, yule yule mchekeshaji), kisha yeye na rafiki yake wa tangu ujana, Joe Egan, wakaanzisha kundi la Stealers Wheel. "Stuck in the Middle with You" ukavuma 1973. Huo nao tuuite bahati?

Kundi lilivunjika 1975, na hapa ndipo mwandishi wenu alipopaswa kutua. Kesi za mikataba zilimfunga Rafferty. Karibu miaka mitatu hakuweza kutoa kazi mpya. Ikawa ni kupanda treni kutoka Uskoti hadi London kuonana na mawakili, usiku kulala kwa rafiki aliyekaa jirani na barabara hiyo ya Baker, kukicha mawakili tena. Wimbo umetoka humo. Usikilizeni upya: ni mtu aliyechoshwa na mji, anayewaza kurudi kwao. Sisi tuliowahi kutia saini karatasi bila kuisoma, uchovu ule tunaujua.

Mwaka 1978 albamu yake yenye wimbo huo, City to City, ikaing'oa albamu ya filamu ya Saturday Night Fever kileleni Marekani. Wengine wangeenda kuzunguka huko kuvuna hela. Yeye alikataa.

Sasa saksafoni. Raphael Ravenscroft aliipuliza vizuri mno, sina ubishi. Lakini 2011, mwaka aliofariki Rafferty, ilitolewa demo yake ya "Baker Street", yaani rekodi ya majaribio kabla ya ile rasmi, na ule mstari umo, unapigwa kwa gitaa. Nilipousikia niliumia kidogo, maana kwa miaka mingi nimewaambia vijana wa bendi kwamba mpulizaji mwenzetu aliutunga pale pale studio. Vijana wangu, kama mnasoma gazeti hili, niliwadanganya bila kujua.

Mpuliza saksafoni mstaafu