Kwa mpwa wangu uliyenivuta koti mezani

Mwanangu,

Simu zangu hupokei, basi nakuandikia hapa ambapo najua unapita. Habari za nyumbani mama yako keshakupa.

Lile neno uliloniambia kwenye harusi yako huko Uholanzi bado linanichoma. Nimeshasimama, mkononi nina kikapu cha kahawa ya kutafuna alichokisuka bibi yako, nimeshamtamkia baba mkwe wako "Mheshimiwa Baroni", ukanivuta koti: "Mjomba, kaa chini basi, jina lako halimo kwenye ratiba." Ukaongeza kwa Kiswahili, ili wenyeji wasielewe, kwamba mambo ya ubaroni, hicho cheo chao cha ukoo, huko hayatajwi, nakutia aibu. Nikakaa. Kikapu nikakisukuma chini ya meza, watu wote wananitazama.

Hayatajwi? Kadi ya mwaliko niliisoma mwenyewe. Cheo kimechapwa pale pale kinapokaa kwa desturi yao, katikati ya jina la kwanza na la ukoo. Nani aliyeipeleka kadi kuchapwa?

Na usidhani habari zile niliziokota kijiweni. Asubuhi ile ninyi mko saluni, baba mkwe wako aliniketisha kwenye chumba chake cha vitabu akanishushia kile kitabu chao chekundu cha koo zenye vyeo, kinachochapishwa tangu 1903. Akanieleza jinsi mapinduzi ya 1795 yalivyofuta vyeo vyote, mtawala wao Willem I akavirudisha mwaka 1814 na kuunda baraza kule mjini Den Haag linalotunza rejista ya wenye vyeo mpaka leo. Kisha ikaja katiba ya 1848, ikawaondolea upendeleo wa kisiasa, wakabaki na majina. Akanipangia ngazi zenyewe: prins, hertog, markies, graaf, burggraaf, baroni, ridder, na chini kabisa jonkheer, ambaye hana cheo hasa ila neno la heshima mbele ya jina lake. Akacheka aliponiambia kuwa Wellington, yule jemadari wa Uingereza, naye aliandikwa kwao kuwa Prins wa Waterloo baada ya vita vya 1815. Uingereza, akasema, ubaroni humwendea mrithi mmoja tu. Kwao mara nyingi huwapata watoto wote wa baroni, ndiyo maana mumeo na kaka zake wote ni mabaroni. (Hapo nikaelewa kwa nini kadi ile ilikuwa na mabaroni wengi hivyo.)

Mtu aliyenieleza yote haya huku akinimiminia chai, angeona aibu gani kuitwa kwa cheo chake? Aliyeona aibu ni wewe, na aibu yenyewe haikuwa ya ubaroni. Ilikuwa yangu mimi na koti langu.

Basi, tuyaache. Nimesikia umepata binti, nikafurahi mpaka majirani wakauliza kulikoni. Hongera sana, mama. Ila mlee ajue mambo yalivyo. Yeye ni baronesse tangu kuzaliwa, lakini watoto wake hawatarithi kwake, kwa kuwa cheo kinafuata baba. Hata sheria yao ya vyeo ya 1994 haikuligusa hilo. Mtazame Audrey Hepburn, yule mwigizaji. Mama yake alikuwa baronesse van Heemstra, babu yake meya wa Arnhem na baadaye gavana wa Suriname, na yeye hakurithi chochote, maana baba yake hakuwa wa daraja hilo. Na wewe wanapokuita barones ni adabu tu kwa mke wa baroni. Kwenye rejista jina lako halimo.

Sisemi kukuumiza. Kwetu Bukoba machifu walifutwa 1963, na hadi leo hakuna mzee asiyejua nani mlangira, yaani mtu wa ukoo wa kifalme, na nani siye. Hutajwa msibani, hutajwa harusini, na hakuna anayevutwa koti. Baba yako alipofariki, aliyekaa na wageni wa posa ni mimi. Aliyekwenda kukopa nauli ya mama yako ni mimi. Mjomba anahitaji ratiba ya nani ili aseme neno kwenye harusi ya mpwa wake?

Mama yako anataka nikuombe radhi ili yaishe. Kwa lipi? Nilimheshimu mkwe kwa desturi yake na kwa desturi yetu, kwa mara moja. Ubatizo ukipangwa nitumie tarehe mapema, visa yenyewe unajua inavyosumbua.

Mjomba wako