Taarifa ya mwaka ya mwenyekiti kwa wanachama wa ukingo wa Ziwa Kivu, Bukavu

Wapendwa wanachama, baba na mama, ndugu zangu wavuvi na wapakiaji wa bandarini,

Kazi za salongo, zile za pamoja za usafi, mnazijua, waliokuja walishika majembe wenyewe. Mifereji ilizibuliwa, wafiwa tuliwatembelea, sashe (mifuko ya plastiki) na chupa zilizolewa kwenye mdomo wa mto Kawa. Katazo la sashe lilitoka Kinshasa Desemba 2017, lakini kila mvua ikinyesha Kadutu mto unatushushia zingine, na zisizobaki kwetu zinakwenda kuziba mitambo ya umeme ya Ruzizi I, kwenye mto unaotoka ziwani, umeme unakatika. Hayo tuliyaongea kila mwezi.

Ninataka kusema juu ya miche ya mikaratusi. Maneno yamezunguka kwamba mwenyekiti alikula pesa ya miche. Pesa hiyo, dola 150, iko kwa mweka hazina, na kaye (daftari) yake iko wazi kwa kila mwanachama. Mimi ndiye niliyesimamisha ununuzi, na leo ningesimamisha tena.

Mkaratusi unakua haraka na unatoa mbao, sikatai. Lakini unanyonya maji mengi, chini yake majani hayaoti vizuri, na udongo ulio wazi mvua inaubeba hadi ziwani. Sisi tunatafuta kitu cha kushika ukingo na kuwapa samaki maficho. Kitu hicho ni matete na mafunjo, yaliyokuwa hapa kabla ya magati na kuta. Sambaza, samaki mdogo aliyeletwa kutoka Tanganyika mwaka 1959, vitoto vyake vinakaa karibu na ukingo kabla ya kwenda kwenye maji marefu. Mvuvi anayelalamika kwamba sambaza wamepungua, kisha anadai tupande miti ya mbao, namuomba afikiri tena.

Wengine waliuliza kwa nini basi matete hayakupandwa mwaka huu. Kwa sababu ziwa halikai mahali pamoja. Linashuka kiangazi, linapanda kuelekea mwezi wa tano, na tangu bwawa la Ruzizi I lijengwe, maji yanayotoka yanategemea pia mitambo. Ukipanda mwezi wa saba penye ukingo wa siku hiyo, mvua zikiisha miche imezama. Ndiyo maana tulisimika vigingi na kupaka alama za maji, tukaandika pia kila bomba linalomwaga maji machafu kati ya bandari na viwanda. Kazi hiyo haionekani kwenye picha, lakini bila hiyo tungepanda na kupoteza. Wazo la vigingi lilikuwa langu, na wataalamu tuliowaonyesha walilikubali.

Kuna pia mwenye kiwanja aliyetaka tumuunge mkono ajenge ukuta wa simiti hadi majini. Nilikataa mbele ya chefu wa kartie (mkubwa wa mtaa). Wimbi likigonga ukuta halifi, linarudi kuchimba chini yake na kula ardhi ya jirani. Waliosema nimetufukuzia mfadhili waende waangalie kuta zilizopasuka upande ule.

Sasa mahudhurio. Mkutano mkuu wa kwanza uliahirishwa kwa kukosa watu, na wa pili ulichelewa kuanza kwa masaa mawili. Wanaosema sana kwenye WhatsApp sikuwaona. Inaniuma, kwa sababu uamuzi mnaoulaumu ulipigiwa kura na wachache waliokuja, nao walikuwa na haki.

Wanachama walioandikwa ni 71, waliomaliza mchango ni 26. Mbali na zile 150 za miche, ziliingia dola 312 za michango, zinazodaiwa ni 540. Vigingi, kamba, rangi na mitumbwi ya kukodi vilikula 190, wafiwa 80, zimebaki 42. Dola moja kwa mwezi, ndugu zangu! Wamama wauza samaki wamelipa karibu wote, na ninawashukuru hadharani.

Mwaka ujao, Mungu akitujalia, tutaanza kupanda kipande kidogo karibu na mdomo wa Kawa, na tunatumaini wenye viwanda watakubali kuzungumza juu ya mabomba. Mweka hazina anapokea madeni leo baada ya kikao, kwenye meza iliyo mlangoni.

Mwenyekiti