Barua ya wazi kwa Mwanasheria Mkuu wa Ohio: leseni imeondoka na kijitabu chake

Mheshimiwa Mwanasheria Mkuu,

YAH: KIJITABU CHA SHERIA ZA SILAHA NA WASIOKIPATA

Salamu na heshima. Barua hii naiandika kwa Kiswahili makusudi. Nakala ya Kiingereza itafika ofisini kwako kwa posta, lakini wanaohusika zaidi ni madereva wa malori, wauguzi wa zamu za usiku na wenye maduka waliohamia hapa Ohio kutoka Bukavu, Bujumbura, Kigoma na Mombasa. Ningependa waisome wao kwanza.

Tangu tarehe 13 Juni 2022, mtu wa miaka 21 na zaidi anayeruhusiwa kisheria kumiliki bastola anaweza kuificha kiunoni na kutembea nayo Ohio nzima bila leseni. Si jambo la Ohio peke yake. Vermont haijawahi kudai kibali, Alaska ilikiondoa mwaka 2003, Arizona 2010, Texas 2021, Florida 2023, na Louisiana 2024. Majimbo ya namna hii sasa ni 29, zaidi ya nusu ya nchi. Mwezi uleule wa Juni 2022, Mahakama ya Juu ya Marekani ilitengua sharti la New York la kumtaka mwombaji aonyeshe sababu ya pekee ya kubeba silaha. New York haikukaa kimya. Kabla ya wiki mbili kwisha ilikuwa imepitisha sheria nyingine yenye saa 16 za darasa, saa 2 za kulenga shabaha, na orodha ndefu ya mahali bastola isipoingia, Times Square ikiwamo.

Kwa hiyo upande mmoja mlango umeachwa wazi, na upande wa pili umewekewa kitasa kipya. Vibali vilivyo hai nchini vilifika takriban milioni 22 mwaka 2022, kisha vikaanza kupungua. Hata kwako Ohio leseni mpya zimeshuka tangu mwaka huo. Sidhani kama bastola zimepungua viunoni. Watu wameona hawana haja ya kupanga foleni kwa sherifu, yule mkuu wa polisi wa kaunti anayetoa leseni, basi.

Kama mabadiliko hayo yalikuwa ya busara au la, wabishane wengine. Kinachonisumbua ni kijitabu. Mwombaji wa leseni hukaa darasani saa 8, sehemu yake ikiwa kwenye uwanja wa shabaha, na hutia sahihi kwamba amekisoma kijitabu cha sheria kinachotolewa na ofisi yako. Kwa mgeni, darasa lile ndipo mahali pekee ambapo mtu humketisha na kumweleza hii ni ruhusa, hii ni jela. Leseni bado ipo kwa anayeitaka, ila asiyeitaka hapewi darasa wala kijitabu.

Kazi yangu ni ukalimani. Siku moja nilimsindikiza dereva mmoja, Mkongomani, kwenye duka la silaha. Tulijaza fomu ya serikali kuu, ile inayouliza uraia, naye akanakili pole pole, tarakimu moja moja, namba iliyo kwenye kadi yake ya ukaazi wa kudumu. Uchunguzi wa rekodi yake ukarudi safi. Muuzaji akasukuma kasha juu ya kaunta na kusema kwa uchangamfu kwamba Ohio haidai kitu kingine. Nikatafsiri. Dereva akaniuliza, "Na Michigan je, ndugu? Mimi napakua Detroit." Muuzaji alikuwa ameshageukia mteja mwingine.

Mheshimiwa, kutoka Toledo hadi mpaka wa Michigan ni dakika chache tu kwa barabara ya I-75. Ng'ambo ya mpaka ule, bastola ndani ya gari bila leseni ni kosa kubwa la jinai, kifungo hadi miaka 5. Mwenye leseni ya Ohio na makazi yake Ohio, Michigan humtambua, ila polisi akimsimamisha lazima aseme papo hapo kwamba ana silaha. Ohio humtaka ajibu ukweli akiulizwa. Illinois haitambui leseni ya jimbo jingine lolote, ingawa ina nafuu kidogo kwa msafiri ambaye silaha yake inabaki garini. New Jersey haina nafuu hata hiyo. Mwaka 2013 mama mmoja wa Philadelphia, mwenye kibali halali cha Pennsylvania, alisimamishwa huko na kumwambia polisi mwenyewe kwamba amebeba. Akakabiliwa na kifungo cha lazima cha miaka mitatu na nusu, mpaka Gavana Christie alipomsamehe mwaka 2015.

Ipo sheria ya serikali kuu ya mwaka 1986 inayomlinda msafiri anayepita tu. Lakini soma masharti yake kwa jicho la dereva wa lori. Silaha isiwe na risasi, isifikike kwa mkono, na kwenye gari lisilo na buti iliyotenganishwa na sehemu ya dereva, lazima iwe ndani ya sanduku lililofungwa kwa kufuli, ambalo si kisanduku cha dashibodi. Tena unakotoka na unakokwenda kote uwe na haki ya kuibeba. Anayepeleka mzigo New Jersey hapiti tu, ameshafika.

Hata hapa nyumbani kuna mtego. Sheria ya serikali kuu inakataza bastola ndani ya futi 1,000 za shule, na inamwondolea katazo hilo mwenye leseni ya jimbo husika. Asiye na leseni, hata kama Ohio imemruhusu, katazo linabaki palepale.

Raia akihukumiwa hulipa faini au hufungwa. Mwenye kadi ya ukaazi anaweza pia kufukuzwa nchini, kwa kuwa kosa la silaha ni sababu tosha ya kumwondoa. Wenzangu wengi hawalijui hili hata kidogo. Wanachokijua vizuri ni hofu ya taa za polisi nyuma yao. Philando Castile alikuwa na kibali, akamjulisha polisi kwa heshima, na akapigwa risasi Minnesota mwaka 2016. Patrick Lyoya, kijana wa Kikongo ambaye hakuwa na bunduki yoyote, aliuawa Grand Rapids mwaka 2022 baada ya gari lake kusimamishwa.

Najua Washington kuna muswada wa kulazimisha kila jimbo kutambua vibali vya mengine. Baraza la Wawakilishi liliupitisha Desemba 2017, Seneti ikauacha ufe, na umerudi tena mwaka 2025. Madereva hawawezi kuegesha malori wakiusubiri.

Ninachoomba kiko ndani ya uwezo wako. Kijitabu kitolewe kwa Kiswahili chepesi, kiongezwe ukurasa mmoja wa majimbo jirani pamoja na New York, New Jersey na Illinois, na mwingine wa wasio raia. Nakala zisiishie kwa sherifu: ziwekwe kwenye kaunta za maduka ya silaha, kwenye shule za udereva wa malori na kwenye ofisi za leseni za magari. Wakalimani tupo, na rasimu tutaipitia bure.

Wako mtiifu,
Mkalimani, Columbus, Ohio