Mdogo wangu, fundi wako anasema mno

Mdogo wangu,

Nimesoma sura 12 za riwaya yako. Msichana wako wa miaka 15 nimempenda. Mwenye kunitia wasiwasi ni yule fundi anayemwongoza, mtengeneza chukudu, yale magari ya mbao ya magurudumu mawili ya kubebea mizigo: kila akifungua kinywa, ni nasaha. Kijana wa Birere, hapo Goma, akifika hotuba ya tatu atafunga kitabu, maana nasaha ameshiba nyumbani na kanisani.

Mpe fundi kazi ya mikono. Badala ya kumhubiria msichana uvumilivu, amfundishe kuchagua mbao za mkaratusi zilizokauka vizuri. Mbao mbichi hupasuka zikikauka, na chukudu ikipasuka kwenye mteremko wa Kibati na magunia ya makaa juu yake, dereva hana pa kukimbilia. Amwache azungushie gurudumu raba ya tairi kuukuu, akosee, abandue, aanze upya. Uvumilivu msomaji atauona mwenyewe. Fundi asipite sentensi tatu kabla msichana hajamjibu, hajambishia au hajaondoka zake.

Tena awe na jeraha lake. Labda atelie yake ya kwanza, yaani karakana, ilifunikwa na lava ya volkeno ya Nyiragongo Januari 2002, na tangu hapo hamkopeshi mtu hata ubao. Ushauri wake utakuwa na woga ndani, na safari moja woga huo umpotoshe: amkataze msichana jambo lililokuwa la haki. Asipokosea, msichana atafikiri peke yake kwa sababu gani?

Sura ya 12 ndipo ulipoharibu. Fundi ndiye anakwenda kuongea na mwenye nyumba, na mambo yanaisha. Umemnyang'anya msichana riwaya yake! Mwondoe fundi katika robo ya mwisho, lakini usimuue. Watoto wetu wamezika watu. Kifo cha kumrahisishia mwandishi kazi kitawachoma bure. Inatosha awe amekwenda Masisi kutafuta mbao, mvua imekata barabara, simu imezima. Msichana abaki na patasi na yale aliyojifunza.

Na kwa nini wako wawili tu ndani ya atelie mpaka usiku? Wasichana watakaosoma watajiuliza, na mama zao pia. Weka wanagenzi wengine, weka mke wa fundi anayeingia na kutoka, mlango uwe wazi upande wa barabara.

Anza na sura ya 5. Futa maneno yote ya fundi, acha mikono yake tu, halafu unitumie.

Yaya wako