Barua ya wazi kwa Mkurugenzi Mkuu wa KIPI (Taasisi ya Miliki ya Viwanda ya Kenya): tuwekeeni wazi tarehe za hataza za chanjo

Mheshimiwa Mkurugenzi Mkuu,

Pokea salamu kutoka Umoja, Nairobi. Mimi ni mfamasia, na jambo linalonifanya nikuandikie wengi huwaachia mawakili: siku ambayo hataza ya chanjo, yaani haki ya pekee ya mvumbuzi wake, inakwisha hapa Kenya.

Sheria yetu ya Miliki ya Viwanda ya 2001 inasema hataza hudumu miaka 20 tangu siku ombi lilipowasilishwa, wala si tangu chanjo ilipoanza kuuzwa. Ada ya kila mwaka isipolipwa, hataza hufa mapema. Ukisoma hayo utadhani tarehe ni hesabu ya kujumlisha tu.

Tazama chanjo ya nimonia, ambayo watoto wetu hudungwa wakiwa na wiki 6, 10 na 14. Ombi kuu la kimataifa la hataza ya Prevnar 13, mojawapo ya chanjo za nimonia, liliwasilishwa Machi 2006. Kichwa chake kimejaa maneno ya kitaalamu kama polisakaridi na protini. Neno chanjo halimo. Mwanahabari akilitafuta kwa neno hilo atatoka mikono mitupu. Kisha kuna ombi jingine la 2007, la kuzuia chanjo hiyo isifanye mashapo chupani. Chanjo ni moja, hataza ni kadhaa, na kila moja ina siku yake ya mwisho.

Tarehe za Marekani na Ulaya nazo hazitufai. Huko muda huweza kuongezwa. Sheria yetu haina nyongeza hiyo. Isitoshe, zipo hataza zinazotufikia kupitia ARIPO, shirika la miliki bunifu la nchi kadhaa za Afrika lililoko Harare, na zina nguvu hapa sawa na zile za ofisi yako.

Ninachoomba ni orodha moja, kwa Kiswahili na Kiingereza, ya kila chanjo iliyo katika ratiba ya taifa: ina hataza zipi zinazotumika Kenya, ziliombwa lini, ada imelipwa au la, na zinakwisha lini. Kama hataza haikuwahi kuombwa kwa ajili ya Kenya, hilo liandikwe kwa herufi kubwa, maana hapo hakuna cha kusubiri.

Tuna Taasisi ya BioVax, ya serikali, ya kutengeneza chanjo, na Februari 2022 Kenya ilikuwa miongoni mwa nchi 6 za Afrika zilizochaguliwa kupokea teknolojia ya kutengeneza chanjo za aina ya mRNA. Lakini hataza ikikwisha, ujuzi wa kiwandani hauji nayo. Majaribio ya usalama na idhini ya Bodi ya Dawa na Sumu huchukua miaka. Atakayengoja siku ya mwisho ndipo aanze, ameshachelewa. Hata serikali ikitaka kutumia kifungu cha 80 cha sheria hiyo ya 2001, kinachoiruhusu kutumia hataza bila idhini ya mwenyewe, kutengeneza chanjo kabla ya muda kwisha, lazima kwanza ijue ni hataza ipi iliyo njiani.

Naomba unijibu kwa maandishi, hadharani. Ikiwa kuzikusanya kumbukumbu hizo kuna gharama, tuambie ni kiasi gani, nasi wafamasia tutakaa tuone tutachangia nini.

Wako mwaminifu,
Mfamasia, Umoja, Nairobi