Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama, Mwaka wa 2020

Wanachama wapendwa,

Rais Uhuru Kenyatta alipotangaza kufungwa kwa shule kwa sababu ya korona tarehe 15 Machi 2020, vyuo vikuu vilipewa hadi Ijumaa, tarehe 20, kuwaruhusu wanafunzi waende makwao. Siku tano! Tuliyoyafanya baada ya hapo, kufundisha kwa mtandao, yalikuwa uokoaji, na naomba tusiyaite elimu ya masafa. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kiliundwa kwa sheria ya mwaka 1992 mahsusi kwa elimu ya aina hiyo. Sisi tulichukua mihadhara ya darasani tukaimimina kwenye simu.

Fonetiki, somo la sauti za lugha na matamshi yake, ndiyo iliyoumia zaidi. Mhadhiri anatamka /dh/, mwanafunzi aliyeko Lodwar anasikia /z/, na ulimi hauonekani kwa sababu kamera zimezimwa kuokoa bando. Fasihi simulizi nayo ilipoteza hadhira. Mtambaji anasema "Paukwa!" kisha kimya, maikrofoni zote zimefungwa, "Pakawa" inafika imechelewa, ya mtu mmoja. Huo si utambaji, hata tukiupa alama.

Kilichofaa, kwa maoni yangu, kilikuwa cha bei ndogo: ujumbe mfupi wa sauti wa WhatsApp, ambao mwanafunzi anaupakua mtandao unapokubali na kuurudia atakavyo. Baadhi ya wasiowahi kunyoosha mkono darasani waliuliza maswali mazuri humo. Tulisifiwa sana maputo ya Loon, yale ya kuelea angani, yaliyoanza kusambaza intaneti nchini Kenya mwezi Julai 2020. Januari 2021 wenyewe walitangaza kuufunga mradi. Ujumbe wa sauti bado upo.

Mitihani ya nyumbani naipita haraka. Majibu yalifanana hadi makosa ya tahajia.

Jambo la uchungu ni wahadhiri wa muda, wanaolipwa kwa kozi. Walijinunulia bando, wengine wakafundishia kwenye simu moja na watoto wao wanaosoma. Kamati iliwaandikia wakuu wa vyuo husika kuomba warudishiwe gharama. Majibu yamekuja, ya heshima sana, pesa hazijaja.

Mweka hazina atasoma hesabu baada yangu. Katika mkutano huu kamati inapendekeza fonetiki na fasihi simulizi zifundishwe ana kwa ana kila inaporuhusiwa, na rekodi zenu za sauti zikusanywe kwa katibu ili zitumiwe na idara zote. Mwenye pingamizi alitoe kabla ya kura.